Fatwa iliyokuja kwa faksi

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, katikati ya Mfungo Saba mwaka 1419 Hijria, saa nne na nusu na dakika kidogo asubuhi, gari la mizigo lililojazwa baruti lililipuliwa mbele ya ubalozi wa Marekani, barabara ya Laibon, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Karibu wakati ule ule Nairobi ililipuliwa nayo, na huko waliokufa walikuwa 213 na majeruhi walizidi 4,000. Waislamu wengi walikuwa wakijitayarisha kwenda kuswali Ijumaa. Katika wale 11 wa Dar es Salaam hakuwemo Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wa kazi: mlinzi, dereva, mtu aliyekuja na gari la maji.

Mahakama ya New York iliyosikiliza kesi hiyo mwaka 2001 ilielezwa kuwa bomu hilo lilitayarishwa katika nyumba iliyopangishwa Ilala, yaani wilaya hii hii yenye Gerezani na Kariakoo. Hilo limeandikwa mara nyingi. Lakini sisi katika makala hii hatukusudii kulizungumza bomu. Tunakusudia kuyazungumza maneno yaliyolitangulia na yaliyolifuata, kwa kuwa tunaona kuwa upande huo wa historia haujapewa haki yake na watu wa fiqhi, ilhali wao ndio wenye vipimo vyake.

Mwaka 1994 Osama bin Laden, ambaye wakati huo alikuwa Khartoum, alifungua ofisi London iliyoitwa Kamati ya Nasaha na Islahi. Aliyeisimamia ni Khalid al-Fawwaz, ambaye kabla ya hapo alikuwa Nairobi. Ofisi hiyo haikuwa na silaha. Kazi yake ilikuwa kupokea matamko, kuyapiga chapa, kuyapeleka magazetini kwa faksi na kuwapangia waandishi wa habari safari za kwenda kumwona mkubwa wao. Bin Laden alipohamia Afghanistan mwaka 1996 alinunuliwa simu ya setilaiti, na kumbukumbu za simu hiyo zilipofunguliwa mahakamani zilionesha kuwa namba za Uingereza zilikuwa miongoni mwa zilizopigwa zaidi, na namba za Kenya nazo zimo. Tuliangalie hilo vizuri. Mtu yuko milimani, hana mji wala redio, na kitu anachokihangaikia ni kuwa na msemaji katika mji wenye magazeti.

Agosti 1996 tamko lake la vita lilichapishwa na Al-Quds al-Arabi, gazeti la Kiarabu la London. Mwaka 1997 alihojiwa na televisheni ya CNN, na Mei 1998 akahojiwa na ABC, kisha akaitisha mkutano wa waandishi huko Khost. Miezi miwili na siku chache baadaye, Nairobi na Dar es Salaam zikalipuliwa. Siku ya mlipuko, madai ya kuhusika yalipelekwa kwa faksi kutoka Baku, Azerbaijan, hadi London, na kutoka hapo yakasambazwa kwa vyombo vya habari vya Ufaransa, Qatar na Falme za Kiarabu. Yalitiwa saini kwa jina la Jeshi la Kiislamu la Ukombozi wa Maeneo Matakatifu, jina ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Bin Laden mwenyewe alipoulizwa baadaye alikuwa akiwasifu waliofanya na huku akikwepa kusema kuwa ni yeye aliyeamuru. Sifa aliichukua, dhamana akaiacha kwa jina la jeshi lisilojulikana.

Waliohusika na faksi hizo walikuja kuhukumiwa miaka mingi baadaye. Adel Abdel Bary, Mmisri aliyekuwa London, alikiri mwaka 2014 na akahukumiwa miaka 25 mwezi Februari 2015. Al-Fawwaz alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi Mei 2015. Mmoja kati ya hao wawili hatia yake kubwa ilikuwa kupokea na kupeleka ujumbe.

Ni nani aliyefutu?

Waraka uliotajwa sana kuwa ndio msingi wa yote ni ule wa tarehe 23 Februari 1998, nao pia ulichapishwa na Al-Quds al-Arabi, ukidai kuwa kuwaua Wamarekani, askari na raia, ni faradhi aini kwa kila Muislamu. Dunia nzima imezoea kuuita fatwa. Sisi hatuna budi kuuliza suali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usuli angeliuliza: mufti ni nani?

Saini zilikuwa tano. Ya kwanza ni ya Bin Laden, ambaye hakusomea sharia. Ya pili ni ya Ayman al-Zawahiri, tabibu wa upasuaji aliyehitimu Chuo Kikuu cha Cairo. Ya tatu ni ya Rifa'i Ahmad Taha, kiongozi wa Jamaa Islamiyya ya Misri, na ya nne na ya tano ni za watu wa Pakistan na Bangladesh. Huyu Rifa'i Taha baadaye alikanusha. Alieleza kuwa aliulizwa kwa simu kama atakubali kutia jina lake katika tamko la kuwaunga mkono watu wa Iraq, naye akakubali, kisha akaliona jina lake chini ya jambo jingine kabisa. Basi waraka uliosomwa dunia nzima kuwa ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, mmoja wa watia saini wake anasema hakuridhia yaliyomo. Lau ingelikuwa hadithi, ingelitosha hiyo kuiangusha.

Wanafunzi wa mustalah wanaikumbuka kauli ya Ibn Sirin kwamba watu wa mwanzo hawakuwa wakiulizia isnadi, mpaka ilipotokea fitna ndipo wakaanza kuwataka wapokezi wawataje watu wao. Elimu ya isnadi ilikazwa wakati wa damu, kwa ajili ya damu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 83 ya Suratun Nisaa inawalaumu wanaozitangaza habari za amani au za hofu kabla ya kuzirejesha kwa wenye elimu ya kuzichambua. Ulamaa wetu walikuwa na chombo cha kuupimia waraka kama huu tangu karne ya kwanza. Ila chombo hicho hufanya kazi polepole, na faksi hufika kwa dakika moja.

Tena upo ustadi mwingine ndani ya waraka ule, na huu ndio unaowahadaa vijana waliosoma kidogo. Umetaja vitabu vya kweli. Umemtaja Ibn Qudama na Al-Mughni, umemtaja al-Kasani, al-Qurtubi na Ibn Taymiyya. Msomaji akiona majina hayo anatulia. Na maneno yaliyonukuliwa yana asili, kwani ulamaa hao wamezungumzia ulazima wa kumzuia adui anapoivamia nchi ya Waislamu. Lakini Al-Mughni hiyo hiyo ina mlango mrefu wa amani, na humo Ibn Qudama anaeleza kuwa Muislamu yeyote mwenye akili na balehe, mwanamume au mwanamke, muungwana au mtumwa, akimpa amani mtu wa vita basi amani yake inashika, na kwamba aliyeingia nchi ya watu kwa amani haifai kuwafanyia khiyana. Kwetu sisi Mashafii hali ni hiyo hiyo: Imam Nawawi katika Minhaj ameifungua amani kwa kila Muislamu mukallafu mwenye hiari yake. Je, viza si amani? Mkataba wa kazi wa mlinzi wa Kitanzania aliyesimama getini si amani? Na mlinzi huyo alikuwa mtu wa vita wa nani? Waraka haukuugusa mlango huo, na gazeti halina haja ya kuugusa, kwa sababu gazeti linachapisha tamko, halichapishi sharhe yake.

Jambo hili la chapa lina kisa chake ambacho inafaa kila imamu akijue. Ibn Taymiyya aliulizwa kuhusu mji wa Mardin, uliokuwa na watu Waislamu chini ya utawala wa Wamongolia. Akajibu kuwa si nyumba ya Uislamu wala si nyumba ya vita, bali ni namna ya tatu, ambayo Muislamu aliyemo atatendewa kwa anavyostahiki, na aliyetoka katika sharia, kwa mujibu wa chapa ya mwaka 1909, atapigwa vita kwa anavyostahiki. Fatwa hiyo kwa chapa hiyo ndiyo iliyotumiwa na Abd al-Salam Faraj katika kitabu chake al-Farida al-Gha'iba, kabla ya kuuawa Rais Sadat mwaka 1981. Machi 2010 ulamaa walikutana Mardin kwenyewe, na Sheikh Abdallah bin Bayyah akaonesha kuwa katika muswada wa kale, na katika nukuu ya Ibn Muflih, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya mwenyewe, neno ni yu'amal, atatendewa, wala si yuqatal, atapigwa vita. Tofauti ni ya herufi chache za Kiarabu. Hatusemi kuwa Sadat aliuawa kwa kosa la mpiga chapa, maana waliomuua walikuwa na hoja zao nyingine na Ibn Taymiyya ana maneno mengine makali juu ya Wamongolia. Tunasema kuwa kwa karibu miaka mia moja kosa lile lilisafiri katika vitabu, na wachache mno walikwenda kuuangalia muswada.

Pwani yetu na nyaraka zisizo na mwenyewe

Isidhaniwe kuwa mambo haya yamekuja kwetu na setilaiti. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kwisha, ulionekana Lindi waraka ulioitwa barua ya Makka. Ndani yake Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), anasimulia ndoto, anaonya kuwa Kiyama ki karibu, na anamtaka kila anayeusoma aunakili na kuupeleka mbele. Ulisambaa pwani kwa haraka na ukaingia bara. Serikali ya Wajerumani ilishikwa na hofu, ikakamata watu na ikafanya uchunguzi uliowapeleka hadi Zanzibar kwa Rumaliza, mfanyabiashara mashuhuri wa zamani wa Ujiji aliyeshindwa na Wabelgiji. Walioueneza hawakuwa magaidi, na sisi hatuwaiti hivyo, kwani wengi waliunakili kwa kumcha Mungu tu. Tunaloliangalia ni njia. Hapakuwa na mtu aliyemjua Sheikh Ahmad huyo. Uzito wa waraka ulitokana na jina la mji mtukufu na na hofu ya kuuvunja mnyororo. Na kwa taarifa ya wasomaji wetu, wasia wa Sheikh Ahmad haujafa: umepita katika fotokopi, na sasa unapita katika simu.

Kariakoo iliingia katika habari hii kwa kaseti. Miaka ya 1990, milangoni mwa misikiti baada ya Ijumaa na katika mitaa ya Kariakoo, kaseti za mawaidha na mihadhara zilikuwa bidhaa ya kawaida kama kofia na udi. Tungefanya dhulma kubwa kuzilaani. Ndizo zilizowafikishia elimu akina mama wasiofika madarasani na madereva wa mabasi ya mikoani. Lakini kaseti ilibadilisha jambo moja. Darasani mwanafunzi humuuliza sheikhe, na sheikhe humjua mwanafunzi wake: huyu ni mwepesi wa hasira, huyu bado hajui nahau, huyu asipewe mlango huu mwaka huu. Kaseti haimjui anayeisikiliza.

Aliyelitumia hilo kuliko wote katika lugha yetu ni Aboud Rogo Mohammed wa Mombasa. Alishitakiwa kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 na akaachiwa na mahakama mwaka 2005. Baada ya hapo hotuba zake, nyingi akizitoa Masjid Musa, zilirekodiwa katika kaseti, kisha CD, kisha DVD, zikavuka Tanga na Dar es Salaam na kwenda kusini. Nguvu yake haikuwa elimu ya kina. Ilikuwa Kiswahili. Alizungumza kwa lafudhi ya mtaa, akitania na akighadhibika, akizitaja dhulma ambazo msikilizaji anazijua kwa macho yake: ardhi ya pwani, vijana waliokamatwa na hawakuonekana tena. Agosti 27, 2012 aliuawa kwa risasi akiwa garini na familia yake, na waliomuua hawakuhukumiwa. Kumuua mtu namna hiyo bila ya hukumu ya kadhi wala hakimu ni haramu, na tena hakukuinyamazisha sauti. Watafiti wa Msumbiji wameeleza kuwa rekodi zake zilisikilizwa na vijana wa Cabo Delgado waliokuja kuishika silaha, na mji wa Mocimboa da Praia ulishambuliwa Oktoba 2017, miaka mitano baada ya kifo chake.

Al-Shabaab walifahamu somo hilo mapema. Mwaka 2012 walianza kutoa jarida la Kiswahili, Gaidi Mtaani. Lizingatiwe jina. Wameliokota tusi wanalotukanwa nalo na wakalivaa kama kilemba, ili kijana wa Majengo au Gerezani ambaye askari alishamwita gaidi kwa kofia yake tu aseme: basi na liwe. Tangu Desemba 2011 walikuwa na ukurasa wa Twitter, wakibishana huko kwa Kiingereza cha ufasaha na msemaji wa jeshi la Kenya. Septemba 2013 walipoivamia Westgate, Nairobi, na watu 67 wakafa, walikuwa wakiandika humo huku mauaji yakiendelea. Kurasa zikifungwa wanafungua nyingine. Magazeti yaliyanukuu maandishi yao kama yalivyo, kwa kukosa habari nyingine, na hivyo muuaji akawa ndiye mpokezi wa habari ya mauaji yake.

Makhawariji nao, ukiacha vyombo, hawakuwa mbali na haya. Baada ya Siffin, mwaka 37 Hijria, walishika neno moja fupi, kuwa hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na Sayyidna Ali (r.a.) akawajibu kuwa neno lenyewe ni la haki ila kinachokusudiwa kwalo ni batili. Jibu la Ali linahitaji kufikiriwa, neno lao halihitaji. Watu hao hao walisita kula tende moja iliyoanguka chini bila ya idhini ya mwenyewe, na wakamchinja Abdullah bin Khabbab na mwanamke wake mjamzito.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao tusipoutaja tutakuwa tumeandika nusu. Februari 13, 1998, siku kumi kabla ya ule waraka wa London, Waislamu walipigwa risasi na polisi Mwembechai, hapa hapa Dar es Salaam, na wakafa. Hakuna aliyelipua ubalozi kwa ajili ya Mwembechai, na hatujui ushahidi wowote wa kuyaunganisha mawili hayo. Lakini mwenye kutaka kupandisha hasira za vijana hakuhitaji kuzitafuta mbali. Januari 2004 Marekani iliitia matawi ya taasisi ya al-Haramain, likiwemo la Tanzania, katika orodha yake ya ugaidi, na madarasa na mayatima waliokuwa wakisaidiwa nayo walipata hasara ambayo si ya kosa lao. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande miaka mingi kwa mashitaka ya ugaidi, mpaka yalipofutwa Juni 2021 bila ya kesi kusikilizwa hadi mwisho. Kila mwaka wa rumande ulikuwa ni kaseti mpya kwa wanaotaka kuitengeneza.

Mwenye duka la kurekodi

Linabaki suali la fiqhi ambalo tunaliona ni la Gerezani hasa, na maimamu wake ndio watakaoulizwa. Kijana ana kibanda cha kurekodi na kuweka nyimbo, mawaidha na filamu katika simu na kadi za wateja. Anakuja mteja anataka hotuba zinazohalalisha damu za raia. Afanyeje?

Mafakihi hawakukijua kibanda, lakini walimjua muuza zabibu. Kwa madhehebu yetu, kumuuzia zabibu anayezikamua pombe, ikiwa muuzaji anajua kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu kuwa ndiyo matumizi yake, ni haramu, ijapokuwa mauzo yenyewe yanasihi. Ikiwa anashuku tu, ni makuruhu. Hukumu hiyo inatuonesha mambo mawili. Kwanza, mwenye kibanda hasemi kuwa yeye ni fundi tu; anachokijua kinamhusu. Pili, hatakiwi kupekua nia ya kila mteja wala kumfanya kila mwenye ndevu kuwa mtuhumiwa, maana shaka peke yake haifikishi kwenye uharamu.

Na zabibu si pombe mpaka zikamuliwe, ilhali rekodi imekwisha kukamuliwa. Kwa hiyo anayeijua hotuba, akaisikia ikihalalisha kuuawa watu waliopewa amani, kisha akainakili kwa shilingi mia tano, hali yake sisi tunaiona iko karibu zaidi na ya muuza pombe kuliko ya muuza zabibu. Asiyeijua, amuulize imamu wa msikiti wake kabla ya kunakili, na imamu naye aisikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu.